Kumtega Gaju

Neno lilinifikia kabla sijamwona aliyelisema. Ilikuwa mwaka jana, kwenye maonyesho ya mifugo hapa Kigali, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mabanda, mahali ambapo wageni hawafiki na kazi yenyewe hufanyika. Kijana mwenye ovaroli ya kijani alikuwa akipitisha mashine ya kunyolea juu ya mgongo wa ng'ombe, polepole, mkono mmoja ukitangulia na brashi na mwingine ukifuata na mashine. Mwenzake akamuuliza kama bado sana. Akajibu bila kugeuka: "Ngoja kwanza, bado namtega." Mwenzake hakushangaa. Mimi nilishika ubao wa uzio. Kwa Kiswahili, kutega ni kuweka mtego: hutegwa ndege, hutegwa panya, hutegwa sikio. Kwa Kinyarwanda, gutega ni mambo mengi, mojawapo likiwa kuzitengeneza nywele kichwani. Lakini kumtega ng'ombe, kwa maana ya kumkata manyoya ili aonekane amejaa, ni neno nililoliona likizaliwa, Nyamirambo, mwaka wa tisini na moja. Nilimuuliza kijana nani kamfundisha kusema hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani kamfundisha kusema maji. "Mama," akasema. Nikamuuliza jina la mama yake, ingawa nilikwisha kulijua.

Mama yake ni Verediyana, na Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake. Tulikuwa hatujaonana tangu ujana wetu. Nitaeleza mwishoni jinsi alivyonipokea. Kwanza nataka kuuweka huo mwaka mahali pake, kwa utaratibu, kwa sababu tulipokaa kuuzungumzia tuligundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameuhifadhi nusu.

Nilikuwa nikifanya kazi katika saluni ya Mama Hawa, kwenye mteremko, kati ya fundi cherehani na duka la vitenge. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kioo kimoja kikubwa chenye ufa kwenye kona, benchi la wanaosubiri, na jiko la mkaa mlangoni lenye kazi mbili: kupashia chanuo la chuma na kuchemshia chai ya tangawizi. Upande wa kulia tulisuka wanawake. Upande wa kushoto, mimi niliwakata vijana wa kiume mtindo ulioitwa boksi, ambao wakati ule ulikuwa umewashika wote kama homa. Boksi haina siri. Unalowesha nywele kwa maji, unazikausha huku unazivuta juu kwa chanuo mpaka zisimame zenyewe, kisha unashika kitana sawasawa kama fundi mwashi anavyoshika pimamaji, na kila unywele unaovuka kitana unaondoka. Anayetazama kwenye kioo huapa kwamba nywele zimeongezeka. Mama Hawa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyotawala barabara, na kwenye jambo hili hakutania kamwe. "Mwenye nywele chache hakatwi palipo chache," alizoea kuniambia. "Anakatwa palipo nyingi, mpaka palipo chache paone haya peke yake paache." Sentensi haikuwa na sarufi, lakini ilikuwa sahihi, na mpaka leo sijaipata iliyo bora.

Verediyana alikuwa benchini akisubiri kusukwa siku Mama Hawa aliporudia maneno hayo. Tulikuwa marika, tukifahamiana kwa salamu tu. Alikuwa kimya siku hiyo, na kimya mwaka ule hakikuwa kitu cha ajabu. Vita vilikuwa kaskazini, na hata pale saluni mazungumzo yalikuwa na tabia ya kukatika mtu mpya anapoingia, kisha kuendelea upande mwingine, kwenye bei ya sabuni au harusi ya fulani. Ghafla akauliza, "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe gani?" akauliza Mama Hawa.

"Ng'ombe mwenye manyoya machache. Anaweza kukatwa palipo mengi?"

Benchi zima likacheka. "Mlete," akasema Mama Hawa, "ila asikanyage kioo changu. Na mkia analipia kama kichwa cha pili." Verediyana alicheka pia, lakini alipokaa kwenye kiti changu, maana wasukaji walikuwa wamejaa, aliniuliza tena kwa sauti ya chini, nami nikaelewa kwamba hakuwa ametania.

Mama yake, ambaye wote tulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima, alifuga mtamba mmoja katika ua wa nyumba yao, chini ya kilima, mahali ambapo nyumba zilikuwa zimeanza kubanana. Zamani walikuwa na ng'ombe kadhaa huko walikotoka. Huyu ndiye aliyebaki, jina lake Gaju, jina la rangi yake ya hudhurungi nyepesi. Sasa lilikuwa limetoka agizo kwamba ng'ombe waondolewe kati ya nyumba za watu, isipokuwa wale ambao waganga wa mifugo wangewachagua kwenye maonyesho kuwa ng'ombe wa mbegu. Aliyechaguliwa angebaki zizini kwake na kupandishwa. Asiyechaguliwa angeuzwa, na kwa mtamba mwembamba mnunuzi ni mmoja tu, mwenye kisu. Gaju hakuwa mgonjwa tena. Lakini mwanzoni mwa mwaka choa kilikuwa kimemla manyoya ya nyonga zote mbili na kipande cha mgongo, na ingawa ngozi ilikuwa imepona na chakula alikuwa anakula, mabaka yalimfanya aonekane kama mnyama aliyenyimwa. "Ukimshika, amejaa," Verediyana aliniambia. "Ukimtazama, ni mifupa. Na wale watakuja kutazama."

Nilikwenda siku ya mapumziko yangu. Nakumbuka chumba cha mbele kuliko zizi. Ukutani hakukuwa na picha. Kwenye rafu ya udongo iliyosuguliwa hadi kung'aa walikuwa wamepanga vyombo vya mti vya maziwa, na vyote vilikuwa vimelala kifudifudi. Mtamba hana maziwa. Nyumba ile ilinunua maziwa kwa jirani, kwenye chupa ya plastiki, na Mukecuru alikuwa akiificha chupa nyuma ya pazia kama watu wengine wanavyoficha pombe. Hata hivyo kila wiki aliviosha vile vyombo, akavifukiza kwa moshi wa majani makavu, akavirudisha vikiwa vitupu. Tulikula viazi vitamu na maharagwe. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kupima. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, nami Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa cha Nyamirambo, yaani cha kuruka ruka, hivyo kila mmoja wetu alikuwa akisimama kwenye lugha ya mwenzake kwa mguu mmoja.

Akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa. Nami, nikitaka kuonekana mtu wa kazi, nikamjibu kwa neno moja: "Kumnyoa."

Akaweka sahani chini. "Nani iko amekufa hapa?"

Sikuelewa. Nikarudia, safari hii kwa Kinyarwanda, kogosha, nikidhani tatizo ni lugha. Verediyana alinikanyaga mguu, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mimi nilinyolewa kichwa siku tuliyotoka kwenye matanga ya mume wangu," alisema Mukecuru, taratibu, kwa Kinyarwanda, ili nisikose hata neno. "Tulinyolewa wote, na watoto. Sasa wewe, mukobwa wanjye, binti yangu, unataka kuleta wembe kwa ng'ombe aliye hai? Unanizikia nani?" Hakupaza sauti. Alinifungia viazi vilivyobaki kwenye jani la mgomba, kwa adabu kamili, akanisindikiza mpaka barabarani, na hapo nikajua kwamba nimefukuzwa.

Nilifikiri mambo yamekwisha. Lakini siku chache baadaye, asubuhi, Mukecuru mwenyewe akaingia saluni, amejifunga mshanana wake, vazi la heshima la kufungwa begani, kama anakwenda kanisani, akakaa kwenye benchi. Hakusema amekuja kwa nini. Mama Hawa akampa chai. Mbele yangu alikaa kijana mmoja fundi wa redio, naye alitaka boksi iwe ndefu, "mpaka ngazi iogope." Nikafanya kazi kama siku zote. Maji, chanuo, kitana, mkasi. Mukecuru alitazama bila kupepesa. Nilipoanza kuchonga kingo za juu ya masikio, akainuka, akamzunguka kijana kwenye kiti, akamwelekezea kidole kichwani bila kumgusa.

"Hii si kunyoa," akasema. "Hii ni amasunzu."

Waliokuwa vijana hawakulijua neno. Mama Hawa alilijua: ule mtindo wa zamani, ambapo nywele hukatwa pembeni na kuachwa zisimame katikati kama vilima, wanawali na vijana wa kiume wakijipamba nazo. Mukecuru akasema yeye mwenyewe alikuwa nayo kabla ya kuolewa, tena mbili, zimepinda kama mwezi mchanga, na kwamba aliyezitengeneza hakusema ananyoa. Angesema hivyo, angepigwa. Alisema anatega.

"Anatega?" Mama Hawa akadakia kwa Kiswahili. "Anamtega nani, Mukecuru? Mtego wa nini huo?"

Mukecuru akafikiri. Nadhani mchezo wa maneno ulimfikia hapo hapo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Wa macho," akasema.

Saluni ililipuka. Fundi wa redio, nusu ya kichwa chake ikiwa imekwisha na nusu bado, alipiga makofi. Mukecuru akanigeukia. "Wewe unakuja kesho. Kumtega, yego. Kumnyoa, oya. Na kitana kinatangulia. Mkasi unafuata kitana. Mkasi haitangulii."

Hilo likawa sharti, na nimelifuata kwa kila kichwa tangu siku hiyo.

Kazi haikuanza na mkasi hata kidogo. Manyoya hayakuwapo ya kukatwa. Ilibidi kwanza yaote, na yakiota yafundishwe kusimama. Kosa langu la kwanza la kiufundi lilikuwa kuchukua mafuta ya nywele ya saluni, yale ya kunukia, na kumpaka Gaju mgongo mzima. Kwa mwanadamu mafuta hung'arisha. Kwa ng'ombe yalilaza manyoya yote chini kama majani baada ya mvua ya mawe, vumbi likaja, nzi wakaja, na Gaju akanuka kama bibi harusi aliyeanguka zizini. Verediyana alicheka mpaka akakaa chini. Tulimwosha kwa sabuni ya kufulia na kuanza upya kwa maji matupu. Kila alfajiri, kabla sijaenda kazini, maji baridi, kisha brashi kutoka mkiani kwenda mbele na kutoka tumboni kwenda juu, kinyume cha mlalo, mpaka akauke. Baridi ya asubuhi ilisaidia. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza kusoma vitabu vya mifugo kwa kujikongoja, nilikuta maelezo ya sababu: ngozi inayopozwa na kusuguliwa huotesha manyoya mazito. Wakati ule sisi tuliona tu kwamba yanaota. Gaju naye akazoea. Mwishoni alikuwa akisikia ndoo tu, anageuza ubavu.

Alfajiri zile ndizo mwaka wenyewe. Mukecuru alikaa kwenye kigoda mlangoni akimenya viazi na kutoa amri. Verediyana alishika kamba. Tulizungumza juu ya mambo ya wasichana, mara kwa Kiswahili ili Mukecuru asielewe, mpaka siku alipojibu swali ambalo hakuulizwa, tukajua kwamba muda wote alikuwa akielewa. Juu ya ukuta tulisikia majirani. Baadhi walisalimia. Mmoja alizoea kusema, akipita, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka uzio, kwamba kuna watu ng'ombe wao wana saluni. Ilikuwa utani, na huenda ilikuwa utani tu; nilikuwa bado sijajifunza kupima utani. Mukecuru alimjibu kila mara kwa jibu lile lile, bila kuacha kumenya: "Na wewe uje, utachanwa bure."

Siku moja nilimuuliza kama tunachofanya si udanganyifu. Lilikuwa linanisumbua. Nilikuwa nimezoea kudanganya vioo, lakini huku kulikuwa na watu wa kuamua. Akachukua kiazi kingine. "Ugonjwa ulimsingizia," akasema. "Ulisema njaa, na njaa haiko. Wewe unafuta maneno ya ugonjwa. Kama chini hakuna ng'ombe, usitege."

Tulimtega siku moja kabla ya maonyesho, mchana, Mama Hawa akiwa amefunga saluni na kuja na mashine ya kukaushia nywele na waya mrefu tuliouvuta kutoka kwa jirani aliyekuwa na umeme. Palipokuwa na choa manyoya yalikuwa yameota, lakini mafupi kuliko mengine. Basi hapo sikugusa. Nilishusha yaliyozunguka, kidogo kidogo, kitana kikitangulia, mpaka nyonga ikawa mviringo mmoja. Nyuma ya mabega alikuwa na bonde dogo. Hapo niliyasimamisha na kuyaacha marefu, nikayakata sawa kama boksi, na mgongo ukanyooka kutoka begani mpaka shina la mkia. Manyoya ya shingo na kichwa niliyakata mafupi kabisa, ili kiwiliwili kionekane kikubwa zaidi. Miguu ya nyuma niliichana kwenda juu ikaonekana minene. Mama Hawa alikuwa akirudi nyuma hatua chache, anakunja jicho moja, anasema, "Kushoto bado panaona haya." Nilipomaliza, Mukecuru alimzunguka Gaju kama alivyomzunguka yule fundi wa redio. Hakusifu. Aliingia ndani, akatoka na shanga zake mbili, akamvika kwenye pembe.

Uwanjani walikuwa wamewapanga ng'ombe kwenye mstari. Mganga wa mifugo aliyekuwa akiamua alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyechoka, mwenye buti za mpira. Alipita haraka kwa wengi. Kwa wengine alitikisa kichwa, na mwenye ng'ombe alielewa, akavuta kamba, akaondoka. Alipofika kwa Gaju alisimama. Akacheka kidogo. "Nani kamchana huyu?" Watu wakacheka naye, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa kazi. Akamgeukia Mukecuru. "Bibi, nauliza kwa heshima. Haya ni manyoya, au ni ng'ombe?"

Verediyana alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Mukecuru hakumtazama yeye wala mimi.

"Bonyeza," akasema. "Chini iko ngombe."

Mganga akaweka mkono mgongoni, vidole vimefunguka, akabonyeza. Manyoya niliyoyasimamisha kwa miezi yakalala chini ya kiganja chake. Nilitazama mkono ule ukienda kutoka begani, kupita lile bonde, mpaka kwenye nyonga ya kulia, palipokuwa na baka kubwa. Ukasimama hapo. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Akaenda upande wa pili. Akamwinua kope, akamtazama meno, akapapasa kiwele ambacho kilikuwa bado kidogo kama ngumi. Alipoinuka alimjibu Mukecuru kwa Kiswahili chake mwenyewe, kile cha sokoni, na hakukisema kwa dhihaka. "Kweli," akasema. "Iko."

Gaju alibaki zizini. Alipandishwa, na mwaka uliofuata akazaa ndama jike. Siku ya kwanza ya maziwa, Verediyana alinipeleka chumba cha mbele bila kuniambia kitu, nikaona vyombo vyote kwenye rafu vimesimama wima. Wiki moja baadaye Mukecuru alileta saluni maziwa ya mgando kwenye chombo cha mti. Mama Hawa akayapokea kwa mikono miwili, kisha akatutangazia kwamba kuanzia leo saluni hii ina wateja wa miguu miwili na wa miguu minne, na kwamba wa minne ndio wenye adabu.

Mukecuru hakuuvuka mwaka wa tisini na nne, wala Gaju, wala ule ua. Verediyana aliuvuka. Namna alivyouvuka ni yake kusimulia, na Jumapili ile sikumuuliza. Mimi niliondoka mjini, nikarudi, nikafungua saluni yangu mtaa mwingine, nikaambiwa na mtu kwamba hakubaki yeyote wa nyumba ile, nikaamini. Yeye naye aliambiwa hivyo hivyo juu yangu.

Alinipokea mlangoni akiwa amefunga kitambaa kichwani. Anaishi mashariki ya mji sasa, mahali penye malisho, na mwanawe ndiye anayefuga. Tulikula viazi vitamu na maharagwe. Hatukukubaliana kabla, alivipika tu. Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na vyombo viwili vya mti, vimesimama. Baada ya kula akafungua kitambaa. Alikuwa ameugua mwaka juzi, na dawa zilikuwa zimempukutisha nywele. Zimerudi, lakini kwa mabaka, pembeni nyingi, utosini chache. Akavuta kiti akakiweka karibu na dirisha, akakaa, akanipa mgongo.

"Nitege," akasema.

Nilikuwa na kitana na mkasi kwenye mkoba, kama siku zote. Niliomba maji. Utosini sikugusa. Nilishusha za pembeni, kitana kikitangulia, mkasi ukifuata. Mwanawe alichungulia mlangoni, akasema, "Mama, umeota nywele?" akaondoka akicheka. Nilipomaliza nilimpa kioo, lakini hakukichukua. Aliinua mkono wake, akaushika wangu, akauweka katikati ya kichwa chake.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Nywele zikalala, na chini ya kiganja nikahisi fuvu lake, gumu, lenye joto.

"Iko," nikamwambia.